Mtungi wa Nadine

"Mama Nadine, mwenyewe kazikwa. Huu mtungi unaumwagilia wa nini?"

Nilikuwa darasa la nne, mama kanituma kupeleka unga msibani. Swali lilinitoka tu. Esteri, mama wa Nadine, aliendelea kumwaga maji kwenye mchanga uliozunguka mtungi, pale pembeni ya jiko, alipokuwa akihifadhi insulini, dawa ya kisukari ya binti yake, isiharibiwe na joto. Makere kwetu friji ni ya mwenye duka.

Esteri analima maharage. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hapahapa, na bado akigombana na mtu shambani anaambiwa arudi kwao. Kliniki walimfundisha sentensi moja: asiyekula asichomwe. Aliishika kama amri ya Mungu. Nadine alipopata homa, akawa anatapika, hagusi hata uji, mama yake akaweka sindano chini. Siku ya tatu mtoto anahema kama aliyekimbizwa, pumzi inanukia ndizi zilizovundikwa, mpaka jirani akatania kwamba kanyweshwa urwarwa, pombe ya ndizi ya wazee. Zahanati wakapima malaria, wakaiona, wakatibu malaria. Vipimo vya sukari vilikuwa vimeisha. Akafia njiani kwenda Kasulu.

Karatasi ya kifo ikaandikwa malaria. Hiyo karatasi inanichoma mpaka leo.

Mwaka huu, niko kidato cha tatu, bwana mmoja wa afya alikuja kwenye mkutano wa kijiji akasoma kwamba vifo vya watoto wenye kisukari vinapungua. Watu wakapiga makofi. Esteri akasimama.

"Vinapungua kwenye karatasi yako. Wangu mlimwandika malaria. Wengine wangapi?"

Bwana akamwambia akae, hayo ni ya wataalamu. Nyuma kuna mtu akacheka, eti Warundi kwa kelele hawajambo. Hakukaa. Alisema yote, pamoja na kosa lake: mwenye kisukari akiugua akashindwa kula, sindano haiachwi, na ndio wakati wa kumkimbiza hospitali. Hapo Tharsisi, fundi baiskeli, akainuka. Binti yake alikuwa anatapika tangu jana. Hajachomwa, kwa kuwa hajala.

Walimpeleka Kasulu kwa bodaboda, Esteri kamkumbatia kwa nyuma. Pale mapokezi Esteri alikataa mtoto aandikwe chochote kabla hajatobolewa kidole. Sukari ilikuwa juu mno. Leo yule mtoto yuko hai, anacheza rede.

Siku mtoto aliporudishwa nyumbani nilimkuta Esteri anaufukua mtungi kwenye mchanga, aupeleke kwa Tharsisi, ambaye dawa ya mwanawe alikuwa anaifunga kwenye kitambaa kibichi. Nikamsaidia kuunyanyua.

"Firdausi," akasema, "uliniuliza ukiwa mdogo. Siku anakufa, dawa ilikuwa humu. Nusu chupa, imepoa vizuri, siku tatu naiangalia. Ningeacha huu mtungi ukauke, ningeanza kuwaambia watu kwamba dawa iliisha, kumbe ni mimi niliyeacha kumchoma."