Mama Alinituma Nikaige

Baba yangu alikuwa bwana shamba. Katikati ya miaka ya tisini alihamishwa kutoka Kasulu, Kigoma, akapelekwa Mpapura, Mtwara, kushughulika na mikorosho. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alijua Kiswahili cha kusalimia na cha kuombea chumvi kwa jirani. Mengine yote aliyachanganya na Kiha.

Kila asubuhi, akishanipaka mafuta usoni mpaka nang'aa, aliniambia, "Genda wige." Yaani nenda ukajifunze. Kwetu kwiga ni kujifunza, na kwigisha ni kufundisha. Niliposikia Waswahili nao wana neno kuiga, nilimshukuru Mungu kwamba angalau hilo moja sina haja ya kulihangaikia.

Dawati moja niliketi na msichana wa Kimakonde, mtoto wa wakulima wa hapohapo Mpapura. Alikuwa na kipaji cha kufuatisha watu: mwendo wa mwalimu mkuu, kikohozi cha mwenye duka, hata Kiswahili changu cha kukwamakwama. Badala ya kuona haya, nilijisikia mtu maarufu.

Siku moja tukapewa jaribio la kujaza nafasi. Kuku hutaga nini? Jibu la Kiswahili likanitoka kichwani, nikaandika la nyumbani: amagi.

Kesho yake mwalimu wa Kiswahili, mama mmoja mpole lakini asiyetaka mchezo na majaribio, akainua karatasi mbili.

"Amagi," akasoma. "Amagi ndiyo nini? Na limo kwenye karatasi mbili za dawati moja. Nani kaiga hapa?"

Nikasimama haraka. "Mimi, mwalimu."

"Wewe?"

"Ndiyo. Mimi naiga kila siku."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akagonga meza.

"Nani kakufundisha kuiga?"

"Mama. Kila asubuhi ananituma nikaige."

Akaziweka karatasi chini taratibu. "Kesho uje naye."

Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Alidhani ameitwa kusifiwa. Ofisini kwa mwalimu mkuu tulikuwa watano: walimu wawili, mama, mimi, na mwenzangu wa dawati aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu tuingie.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu ukae," akasema mwalimu mkuu. "Hivi ni kweli unamwambia mtoto aige?"

"Kweli kabisa," mama akasema. "Aige sana. Baba yake aliiga sana, ndiyo akapata kazi ya serikali."

Mwalimu mkuu akakohoa. Mwalimu wa Kiswahili akatazama dari.

"Na wewe, mama?" mwalimu mkuu akauliza.

"Mimi niliiga mpaka darasa la nne tu." Sauti yake ikashuka. "Nilitamani kuiga zaidi."

Mwalimu wa Kiswahili akamsogezea karatasi zetu. Mama akafuata mistari kwa kidole, akafika kwenye kuku, akacheka.

"Amagi! Mayai! Hii ya mwanangu. Na hii?"

"Ya huyu hapa."

"Naye ni Muha?"

"Hapana, mama. Mmakonde wa hapahapa."

Hapo ndipo mimi na walimu tulipoelewa kwa pamoja nani kanakili kwa nani. Mwenzangu akaanza kulia. "Nisamehe, mwalimu. Nilijua mtoto wa bwana shamba atakuwa amepata."

Mama, ambaye kosa lenyewe hakulielewa, alimvuta kifuani akamfuta machozi kwa kitenge. "Msimlize," akawaambia walimu. "Huyu mtoto kaiga Kiha!"

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyefikiri kuuliza, "Kuiga kwenu ni nini, mama?" Mama akatafuta neno, akalikosa. Akafungua viganja kama kitabu, akachezesha midomo, akagonga paji la uso.

"Kusoma?"

"Eee! Kusoma, kujifunza."

Masikio yalinichoma nilipokumbuka nilivyosimama darasani kujitangaza. Lakini wote walikuwa wanacheka, na mama alikuwa anacheka kuliko wote, nikaona na mimi nicheke. Mwenzangu alipewa adhabu ya kufagia uwanja wiki nzima. Nilikwenda kufagia naye.

Siku ya wazazi mwaka huohuo tukaandaa maigizo, na mwenzangu wa dawati akamwigiza mama yangu ofisini: kitenge, kidole kwenye karatasi, kila kitu. Niliogopa mama ataudhika. Alikuwa mstari wa mbele, akasimama na kupiga vigelegele, kisha akawaambia akina mama waliokaa naye, "Yule ni mimi! Yule ni mimi!" Tangu siku hiyo wakawa wanamwita kwenda kubangua korosho pamoja nao, na Kiswahili chake kingine chote akakipatia huko.

Miaka ya elfu mbili, nikiwa chuo cha ualimu, mkufunzi alitueleza kwamba mzizi wa iga umo katika lugha nyingi za Kibantu. Kwa wengine ni kufuatisha, kwa wengine ni kujifunza. Nadhani mtoto anayejifunza kusema hawezi kuzitenganisha kazi hizo mbili. Nilipompelekea mama habari hiyo aliniuliza kama kweli nilikwenda mpaka chuo kuambiwa jambo hilo.

Mwaka huo tulikwenda Kasulu kusalimia. Mama akiongea Kiswahili alisema "ntoto" na "Ntwara" kama Wamakonde wa Mpapura, na shangazi zangu wakashika mbavu kwa kicheko.

"Wifi, unajifanya mtu wa pwani!"

Mama alifungua begi akatoa nazi mbili alizozibeba njia nzima, akaomba mihogo na sufuria, akaketi kukuna kwa mbuzi aliyokuja nayo pia. Shangazi mmoja alisogea karibu aone anavyokamua tui. Mama akamwachia nafasi naye aige.