Binti yangu kanigeuza karibu na kilele

Jamani, leo nimerudishwa njiani na mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Neema wangu anaongoza watalii, tena anasifiwa. Leo kanipandisha ule mlima mkavu wa Lengai. Jua kali, vumbi tupu.

Kilele tunakiona, tukakutana na mama wa Kimaasai anashuka, midomo imemkauka. Nikampa maji yangu yote. Ningempita tu?

Neema: "Mama, huna maji, hupandi. Haya yangu ni ya kushukia wawili."

"Unamwambia nani? Mimi mama yako!"

"Huku wewe ni mgeni wangu. Geuka."

Na kijiji chetu kizima cha Qurus nimewaahidi picha ya kileleni!

Nimenuna mpaka Karatu.

Ila mkitaka kupanda, mchukueni Neema. Kama kaniweza mimi, ninyi atawashindwa?