Ghala la Shangazi Mize

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, Zaina mwanangu, na nnaona wakati wa kukusimulia ndio huu, maana umekuja na habari ya kung'oa muhogo wote wa konde la juu upande tungule, hizo nyanya, za kuuzia mahoteli ya Paje. Kaa kitako kwanza. Tungule zako nimeziona, mashaallah, na mtoto wa kike aliyepata tungule kwenye mawe haya ya Makunduchi si wa kubezwa. Sikukuita nikuvunje moyo. Nataka umjue mwenye konde kabla hujaligeuza.

Mwenye konde alikuwa shangazi yangu, Bi Mize, dada yake baba. Mwembamba, mrefu, wa maneno machache, na akikutazama tu unaanza kujiuliza umekosea nini tangu asubuhi. Konde lile alilikuta kichaka na mawe, na baina ya mawe udongo wa kujaza sinia. Akipanda kwa muo, ule mti uliochongwa ncha. Anatafuta penye udongo, anachoma shimo, anapachika kijiti cha muhogo, anasonga mbele. Nguruwe mwitu walipomsumbua akajenga ukuta wa mawe kuzunguka konde zima kwa mikono yake. Ndio ukuta ule mnaoukalia nyinyi mkichezea simu.

Wakati huo nilikuwa msichana, nakaa kwake. Mvua za vuli hazikunyesha, na mchele wa madukani ukaadimika. Tukisikia kwamba mjini watu wanapanga foleni tangu alfajiri na wengine wanarudi na vikapu vitupu. Na ndani ya nyumba yetu alikuwa amelala Mwaka, binti wa shangazi, ndio kwanza amejifungua, na kitoto chake kilikuwa kidogo hata kukishika naogopa. Mzazi asipokula, maziwa hayatoki, hilo halina haja ya kusomeshwa mtu. Sote tulikuwa tukilala na kuamka na fikra moja tu, Mwaka atakula nini mpaka mvua irudi.

Basi asubuhi hiyo likaja lori kutoka mjini. Mfanyabiashara alikuwa akinunua makonde mazima, muhogo unang'olewa wote na kupakiwa siku hiyo hiyo. Jirani zetu wakakubali, na siwalaumu, kila mtu alikuwa na shida zake. Baba yangu, Machano, akaja mbio kwa dada yake, jasho linamtoka.

"Dada, tung'oe na sisi. Tutapata fedha, tununue mchele."

"Mchele uko wapi?"

"Si mjini."

"Umeuona?"

Baba akababaika. Akasema nguruwe wataumaliza muhogo, wezi watauiba, ukikaa sana utakuwa kuni. Alisema sana, maskini, alikuwa na hofu kama sisi sote. Shangazi hakumkata kalima. Alipomaliza akamwambia, "Nikishang'oa leo, Mwaka atakula noti?" Akajifunga kanga kiunoni, akachukua muo na kisu, akaniita jina. Nikaitika "Naam" nikamfuata. Baba akabaki mlangoni kashika kiuno.

Kule kondeni ndiko nilikoona kazi, mwanangu. Shangazi akipita shina kwa shina kainama, anatazama ardhi. Penye muhogo ulionenepa udongo huwa umepasuka ufa. Akiuona ule ufa anapiga goti, anafukua pole pole kwa ncha ya muo, anaupata muhogo mmoja, anaukata kwa kisu bila ya kulitikisa shina. Kisha udongo wote anaurudisha mahali pake, anaushindilia kwa kisigino, anakwenda shina jengine. Ukipita nyuma yake huwezi kujua kama pana kitu kimeguswa. Lile shina linabaki limesimama na majani yake, na mihogo iliyobaki chini inaendelea kunenepa. Tukaondoka na pakacha limejaa, na konde liko vile vile.

"Hili ndilo ghala langu," akaniambia. "Halina mlango. Ukifukua, ufukie."

Mwaka akala muhogo wa nazi mchana huo, na uji wa unga wa muhogo usiku, na maziwa yakashuka. Kile kitoto kikalia kwa sauti kwa mara ya mwanzo, na mimi nikalia nacho. Sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda shangazi siku ile.

Sasa sikiliza, maana sijafika ninapopataka. Lori lilikwenda zake. Fedha za jirani zikakaa mifukoni, mchele wa kuununua haukuja, na makonde yao yamebaki mashimo. Haukupita muda wakaanza kuja, mmoja mmoja, na mapakacha yaliyokunjwa kwapani kwa aibu. Wanaamkia, wanauliza hali ya mzazi, wanazungumza habari za samaki, lile lililowaleta haliwatoki mdomoni. Baba akasema waachiwe, si wao walioona fursa. Kasahau kama na yeye aliiona.

Shangazi akawachukua wale watu mpaka kondeni, akawaonyesha ufa, akawaonyesha namna ya kufukua, akasema kila mmoja achukue muhogo mmoja katika kila shina atakalopewa, na asiyefukia asirudi tena. Mwanamke mmoja alikuwa na pupa, akalivuta shina zima likang'oka. Shangazi akaliokota, akaukatakata mti wake vijiti, akampa yule mwanamke mkononi. "Haya, mwenzangu, uvipande. Mvua ikija tule sote." Yule mama alivipanda pale pale, machozi yanamtoka, na hakutukanwa hata neno moja.

Baba alikuwa kasimama ukutani anaona yote. Kesho yake, aliporudi kutoka pwani, nilimkuta kondeni peke yake kapiga magoti, anapita kwenye mashina yaliyofukuliwa na wale jirani, anashindilia udongo kwa mikono. Akawa anafanya hivyo kila jioni. Hakumwomba dada yake radhi kwa mdomo, na shangazi hakumdai. Akimpelekea chai pale pale kondeni, wananywa wote wawili wamekaa juu ya ukuta.

Mvua za masika zilipokuja, kijiji kizima kilipanda kwa vijiti vilivyotoka konde lile. Kitoto cha Mwaka kilikuwa kinakaa kitako kwenye jamvi, kimenenepa mashavu, kinanyonya kidole. Ndiye mama yako, Zaina.

Usiinamishe kichwa, sijamaliza. Sikwambii usilime tungule. Shangazi angekuona unavyozitilia maji na kuzijengea kichanja, angekaa akakutazama kutwa nzima, na yeye hakuwa mwepesi wa kumsifu mtu. Zipande tungule upande wa njiani, karibu na bomba, nikipata nguvu nitakuja kukusaidia kupalilia. Mahoteli yakinunua, alhamdulillahi. Wageni wakiacha kuja kama walivyoacha wakati ule wa maradhi ya korona, na tungule zikakuozea mkononi, basi uwe na mahali pa kwenda na pakacha. Mwanangu, ardhi inayolisha nyumba usiigeuze yote kuwa ya kuuza, hata bei iwe nzuri vipi. Weka sehemu ya chungu chako wewe, na sehemu ya yule atakayekuja kwako na pakacha kwapani, na akija usimuulize alikuwa wapi wakati wa lori.

Muo wa shangazi uko nyuma ya mlango. Ncha yake tumeichonga mara nyingi mpaka umekuwa mfupi, lakini unafanya kazi. Nenda kondeni sasa hivi, utafute ufa, utuletee muhogo wa mchana. Mimi nitakuna nazi. Na ukirudi nitakwenda kutazama, na nisione ulipofukua.

Nenda, mama. Mungu akutilie baraka katika mikono yako na katika udongo unaoushika, akupe mvua kwa wakati wake, na mtoto asilie njaa ndani ya nyumba yako wala katika nyumba ya jirani yako. Amin.