Waya wa Kijani Chini ya Jiko la Mama

Kazi yangu ni kuzuia kutu. Nikisema hivyo kwenye sherehe watu wanamgeukia aliyekaa upande wa pili. Siku hizi nasema niko kiwandani, inatosha.

Si kiwanda hasa, ni karakana, iko Mwembesongo nyuma ya mashine ya kusaga. Tunatengeneza vitu vya waya: vichanja vya vyombo, vizimba vya kuku, rafu za maduka, nyavu za uzio, na yale makasha makubwa ambayo watu wa barabara huyajaza mawe na kuyapanga kwenye kingo ili udongo usiporomoke. Waya ukishaungwa unaoshwa kwa asidi, unasuuzwa, unakaushwa, unaingia kwenye tanuri mpaka upate moto sawasawa, kisha mimi nauchovya kwenye poda ya plastiki. Poda inayeyuka na kuganda juu yake. Ukiugusa waya kwa mkono mtupu kabla sijauchovya, jasho lako linabaki pale, na plastiki itabanduka kwa mvua ya pili. Kwa hiyo waya wangu hauguswi na mtu. Nimeshawafokea wengi kwa hilo, mwenye karakana akiwemo.

Yeye ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa mji huuhuu. Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Kiluguru anajua matusi tu, lakini hayo anayajua yote. Juu ya mlango wake kinaning'inia kipande cha wavu wa kijani, cha kwanza kabisa kutoka mikononi mwake, kimepigwa jua na mvua tangu mimi sijaajiriwa na hakina hata doa. Mteja akileta maswali mengi anaelekezwa akitazame kile, na mzee anarudi kwenye chai yake.

Mama yangu anakaa mlimani, juu ya kijiji cha misheni, mahali ambapo pikipiki inakufikisha nusu na nusu iliyobaki unajifikisha mwenyewe. Analima kabichi, karoti na njegere. Nyumba yake imekaa kwenye kijukwaa kilichochongwa ubavuni mwa mlima, na jiko lake, kibanda cha peke yake, liko upande wa bondeni. Kila masika mvua ilikuwa inakata kipande cha ukingo. Mwanzoni kulikuwa na nafasi ya kuanika maharage kati ya jiko na ukingo. Baadaye ikabaki nafasi ya kupita mtu. Mwaka ninaousimulia, mama alikuwa anamwaga maji machafu kutoka mlangoni moja kwa moja hadi bondeni bila kutoa mguu nje, na akasema hiyo ni raha.

Nilimleta mjini. Alikaa siku chache akasema Mwembesongo hakuna baridi wala adabu, akarudi. Kaka yake alimwita ng'ambo ya bonde, kwenye ardhi ya ukoo wao, ambako ndiko kwao hasa. Hakwenda. Baba amezikwa hatua chache juu ya ile nyumba, na mama hakutaka kumwacha peke yake huyo mtu aliyegombana naye kila siku ya ndoa yao. Hilo hakulisema yeye, nalisema mimi. Yeye alisema kabichi za ng'ambo zina wadudu.

Sasa nieleze habari ya ardhi, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini niligombana na shangazi yangu kwa ajili ya plastiki. Sisi Waluguru ardhi inapita kwa wanawake. Pale anapokaa mama ni ardhi ya ukoo wa baba, si wetu, na mshika ardhi ni shangazi, dada yake baba. Baba alipofariki, shangazi alimwambia mama abaki kama anataka, kwa sharti lilelile la mtu yeyote aliyeazimwa ardhi: panda kinacholiwa kikaisha. Kabichi, sawa. Maharage, sawa. Mti, hapana. Mti unabaki wewe ukiondoka, na kesho wajukuu zako wanakuja kusimama chini yake na kusema hapa ni kwetu. Mama maisha yake yote alitamani mparachichi. Kila akila parachichi la mtu, kokwa lake alikuwa analiosha, analiangalia, kisha analitupa bondeni.

Basi nikamwomba mzee makasha sita ya mawe. Kulikuwa na ya kijani yaliyokataliwa na mkandarasi mmoja aliyetaka ya kijivu, mzee akasema chukua. Yalikuwa yamekunjwa bapa, wavu juu ya wavu, na vijana wa kijijini wakayapandisha kichwani. Nilipofika nikakuta habari imeshatangulia. Mama alikuwa amesimama kisimani asubuhi ile akawatangazia wenzake kwamba binti yake analeta waya usiooza, waya ambao utatuzika sote na kubaki. Kwa mdomo huo mama yangu angefaa kuuza sabuni redioni.

Shangazi alikuwa ameketi juu ya fungu la waya, fimbo mapajani, mkono mtupu umelala palepale kwenye kazi yangu. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba yake ilichukua muda. Akakwangua plastiki kwa ukucha, ikakataa kukwanguka, na kwa sekunde moja nikaona fahari, Mungu anisamehe.

"Hiki kinaoza?" akauliza.

"Hakiozi, shangazi."

"Basi ni mti," akasema.

Nikamweleza. Nikamwambia si mti, si uzio, ni mawe tu yamefungwa pamoja. Nikamwonesha ukingo, nikamwonesha jiko. Akaniambia macho anayo. Akasema mawe ni ya mlima, hana neno nayo, lakini waya ni wa kwangu, na kitu changu kikikaa kwenye ardhi yake bila kuoza, siku moja mtoto wangu atakuja kukionesha kwa kidole. Nikamwambia mtoto wangu yuko Mzumbe anasoma uhasibu na mlima huu anaupanda kwa kulazimishwa. Akasema hata baba yangu alikuwa analazimishwa kuupanda, na yuko pale juu mpaka leo.

Mama muda wote huo alikuwa anachambua mboga, mtu aliyemaliza maneno yake yote kisimani.

Nilipandwa na hasira, siwezi kuficha. Nilimwuliza shangazi, kwa sauti ambayo haifai kwa mtu wa umri wake, kama anataka wifi yake aende bondeni na jiko. Akanitazama mpaka nikainamisha macho. Kisha akatoa hukumu: leta waya unaooza. Wenye kuishi kadiri anavyoishi mkaaji, basi. Wifi akiondoka na wenyewe uondoke.

Mjini nikamweleza mzee kwamba nataka makasha ya waya mweusi, mtupu, usiochovywa kitu. Akadhani anasikia vibaya. Nikarudia. Akaniangalia kwa namna ambayo hakuniangalia hata siku niliyounguza mtandio wa mke wake kwenye tanuri, na akasema karakana hii tangu ifunguliwe haijatoa kitu uchi. Tukabishana mpaka chai yake ikapoa. Mwishoni akakubali, ila akataka niape kwamba nikiulizwa kule juu yametoka wapi, nitaitaja karakana nyingine. Nikaapa, nikaiunga kazi hiyo mwenyewe. Kwa mara ya kwanza niliushika waya kwa mkono mtupu kadiri nilivyotaka, na nikautukana pia.

Tuliyapanga kabla ya masika, majirani wakabeba mawe kutoka mtoni. Shangazi alikuja kusimamia. Alisema hiki kimekaa upande, kile hakijajaa, na mwisho akaweka fimbo chini akaanza kupanga mawe mwenyewe, mawe madogo ya kuziba nafasi, kwa ustadi wa mtu anayepanga vitumbua. Hakuna aliyemwomba. Makasha ya kijani yakabaki yamelala nyuma ya nyumba, mpaka mama akayasimamisha na kutia kuku ndani. Shangazi hakuyapinga, alisema kuku hawana ukoo.

Mvua zikaja. Nilikuwa napiga simu kila asubuhi kabla ya kuwasha tanuri. Mama alikuwa anajibu, "Jiko lipo," halafu anaendelea na habari za kuku. Masika yote, jiko lipo. Nikaanza kupumua.

Lakini mimi kutu naijua. Waya mtupu kwenye ukungu wa Uluguru ni suala la muda tu. Kila nilipopanda kumsalimia mama nilikuwa nashuka ukingoni kwanza, nausugua waya kwa kidole gumba. Mwaka wa kwanza ulitoa vumbi jekundu. Baadaye ukaanza kutoa magamba. Shangazi naye alikuwa anapita, anaugonga kwa fimbo, anasikiliza, na nilimwona kama mtu anayefurahia kutu, nikamchukia. Kwa sababu sharti lilikuwa wazi, waya uishi kadiri ya mama, na mimi sasa nilikuwa nikimtazama mama anavyopanda ngazi za udongo na ndoo, halafu nautazama waya, halafu mama. Hiyo si namna ya kumwangalia mzazi. Kuna siku alikohoa tu, mafua ya kawaida, na nikajikuta nawaza kwamba waya bado mzima. Nililia njia nzima ya kushuka.

Mama hakuwa na habari na mafua wala na waya. Alizidi kunenepa. Aliongeza matuta mawili ya karoti.

Masika haya yaliyopita ndipo kasha la chini lilipofumuka. Mshono uliliwa na kutu, mawe yakamwagika bondeni, na kona ya jiko ikapata ufa unaoingia vidole. Mama alinipigia akasema jiko lipo, na habari za kuku hazikuja. Nikapanda siku hiyohiyo na sare ya kazi.

Nilimkuta shangazi ukingoni. Amezeeka, sasa fimbo ndiyo inayotangulia. Mama alikuwa amesimama kando yake na jembe begani, ametoka shambani, jasho linamtoka. Nikawaamkia wote wawili. Shangazi akaitikia marahaba papo hapo, nikaogopa. Nilidhani sasa ndiyo hukumu yenyewe, waya umekwisha, mkaaji aondoke. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia tangu chini kwenye pikipiki, mengine hayaandikiki.

Akaokota kipande cha waya, akakivunja kwa vidole. Kikakatika kama tambi kavu. Akamtazama mama toka miguuni hadi kilemba.

"Nilidhani utakutosha," akasema.

Mama akasema hata yeye alidhani.

Wakatazamana, wifi na wifi, vikongwe wawili ambao sijawahi kuwaona wakishikana mkono, na mmoja wao akaanza kucheka, sijui nani, maana wote wana mapengo na cheko lao ni moja. Mimi nilisimama pale na maneno yangu ya kwenye pikipiki. Shangazi alipomaliza kujifuta macho akanigeukia, akauliza ule waya wa kijani uko wapi.

"Uko kwa kuku," nikasema.

"Watoe kuku."

Tukawatoa. Nilikagua kila kasha kwa macho ya kazi. Miaka yote hiyo ya mvua na kinyesi cha kuku, na plastiki haikuwa imeinuka hata mahali pamoja, isipokuwa pale shangazi alipokwangua. Hapo palikuwa na kialama cha ukucha tu, hakikwenda mbali. Nilipomsimulia mzee, aliniuliza kama nimepiga picha. Nikamwambia sikupiga. Hakunisemesha mpaka jioni.

Majirani wakajaza mawe yaleyale. Shangazi safari hii hakuweza kuinama, alikaa kwenye kigoda akielekeza kwa fimbo, na kasha la chini lilipofungwa akamtuma mjukuu wake nyumbani. Yule binti akarudi na mche kwenye kiroba cha udongo, majani matano, mapana kama kiganja. Shangazi akaupokea, akaupitisha kwa mama bila kusema ni nini. Haikuwa lazima.

Mama aliushika mche kwa mikono miwili. Akaenda nao mpaka upande wa juu, karibu na kaburi la baba, akasimama, akapima jua, akaanza kuchimba. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko. Alipokwisha kushindilia udongo akauliza mparachichi unachukua muda gani kuzaa.

Shangazi akasema miaka minne, mitano hivi.

Mama akasema sawa, atasubiri.

Shangazi akasema hata yeye hana safari.