Ukarimu wa Kipenga

Fundi wa makochi aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Sponji aliamka Jumapili moja akakuta mdomo wake umevimba hata haufungi. Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amekunja mikono, anamtazama.

"Nimefanya nini?" Sponji aliuliza.

"Muulize pacha wako. Yeye ndiye aliyekuleta."

Pacha mwenyewe hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa muuza vipuri vya baiskeli na pikipiki, mtu mnene mwenye maneno mengi, ambaye ujanani alichezesha mechi za mtaani mpaka jina la Kipenga likamganda. Mama zao walijifungua wodi moja, vitanda vimepakana, na tangu wajue kusema walikuwa wakiitana pacha. Wakakua chanda na pete. Kila jioni, Kipenga akishafunga duka, alipitia karakana ya mwenzake, akaketi juu ya kochi lolote lililokuwa halijavikwa kitambaa, na kusema, "Basi, weka mkasi chini. Twende tukalowanishe koo."

Jina la Sponji lenyewe lilianza kwa sababu ya kazi. Baadaye watu wa baa wakaliona lina maana nyingine: bwana huyu anafyonza wala hadondoshi. Naye alicheka pamoja nao, miaka nenda miaka rudi.

Jumapili ile hakucheka. Alimwendea Kipenga, akaambiwa, "Uliteleza kwenye ngazi za baa, pacha. Shukuru nilikuwepo." Akamuuliza dada wa kaunta, naye akasema, "Ngazi zipi, kaka? Mimi nilikuona unatoka mzima, unapunga mkono." Jirani wa upande wa pili akadai alisikia watu wakivutana barabarani. Mdomo mmoja, hadithi tatu, na mwenye mdomo hakumbuki hata moja. Uvimbe ulikuwa wa kupona. Kilichomtia hofu ni ule usiku uliotoweka kichwani mwake kama jino lililong'oka, ulimi ukienda pale unakuta tundu.

Ndipo alipoamua kupunguza. Hakusema ataacha, kwa kuwa alijijua, na viapo vya namna hiyo alishavila na kuvitapika. Alisema Jumamosi tu, bia mbili, kisha nyumbani.

"Tutaona," mkewe alijibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona.

Kipenga alianza kwa mzaha. Aliuliza kama Sponji ameokoka, au ni mgonjwa, au mkewe amempiga marufuku. Sponji akacheka, akaendelea kushona. Siku za katikati ya wiki zilikuwa ngumu. Jioni ilipofika, mikono ilikosa la kufanya, akawa anapanga misumari kwa ukubwa, kazi ambayo haikuhitajika. Lakini alishinda. Wiki ya pili, chupa ikaletwa karakanani mchana kweupe, baridi, imeviringishwa gazeti. "Kutoka kwa pacha wako," mwendesha bodaboda alisema. Kesho yake, nyingine.

Hapo ndipo shaka ilipoingia. Maana Kipenga alikuwa mkono wa birika. Huyu ndiye mtu aliyewajazia watu upepo wa baiskeli huku akilalamika kwamba wanamaliza pampu. Tangu lini akanunua bia ya mtu asiyeiomba? Sponji alizigeuzageuza zile chupa, akavitazama vifuniko kana kwamba vimeandikwa kitu, kisha akazimwaga kwenye mtaro wa nyuma. Moyo ulimuuma kuzimwaga, asiseme mtu kwamba haukumuuma.

Jumamosi akaenda baani kama alivyopanga. Akanywa ya kwanza taratibu. Kabla hajaimaliza, Kipenga alikuwa ameshaagiza mbili zikafunguliwa mbele yake.

"Moja inanitosha hapo," Sponji alisema.

"Zimeshafunguliwa, pacha. Utazirudisha kiwandani? Kunywa, bwana. Au siku hizi unatuona sisi wachafu?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini unatutazama hivyo."

Sponji akanywa ya pili, ile ya tatu akaisogeza kando, akaagiza soda ya tangawizi. Na hapo akaanza kuona mambo ambayo zamani, akiwa ndani ya ukungu, hakuwa akiyaona. Aliona Kipenga mwenyewe anakunywa haraka, glasi haijatulia mezani imeshanyanyuliwa. Aliona kila mtu wa mtaani alipopita karibu, Kipenga alimshika bega Sponji na kupaza sauti: "Huyu leo kazidiwa! Ngoja nimpeleke taratibu." Kazidiwa na nini, na macho yake makavu kama ya bundi?

Akaenda chooni. Aliporudi, akapiga funda la soda, ikamwasha kooni mpaka kifuani. Tangawizi haiwashi hivyo. Akaiweka chini, akamtazama rafiki yake. Kipenga alikuwa ameinamia kiatu chake, anafunga kamba iliyokuwa imefungwa.

Sponji akaichukua ile glasi hadi kaunta. "Dada, humu mmeweka nini?"

Dada wa kaunta alipangusa meza iliyokuwa safi. "Mimi nauza tu, kaka," alisema, bila kuinua macho.

Alirudi nyumbani na maswali chungu nzima. Adui anakutilia sumu, hilo linaeleweka. Rafiki anakutilia pombe ili iweje? Akaanza kuwaza mabaya. Labda Kipenga anataka nyumba ya karakana, maana iko barabarani na duka lake liko kichochoroni. Labda kuna jambo alilolifanya usiku ule, na anataka Sponji abaki mlevi asije akakumbuka. Wazo la tatu hakutaka hata kulimaliza, lakini likamjia lenyewe siku aliporudi mapema kuchukua sindano zake zilizopinda za kushonea, akamkuta Kipenga mlangoni kwake, anazungumza na mkewe kwa sauti ya chini. Walipomwona, mazungumzo yakakatika kama uzi.

"Nilikuwa napita tu," Kipenga alisema, akapita kweli, mbio.

Jioni Sponji alimtazama mkewe juu ya sahani. Mwishowe ni mkewe aliyeweka kijiko chini.

"Usinitazame hivyo. Mwenzio amekuja kuniambia nisikuamini. Eti Jumamosi unanidanganya na bia mbili, halafu unakunywa kwa siri karakanani. Eti amekuwa akiona chupa."

"Chupa anazileta yeye!"

"Na mimi," mkewe akaendelea, sasa macho yakiwa mezani, "nilikwenda nyuma ya karakana, nikazikuta tupu. Wiki nzima nimekuwa nakunusa ukilala. Hunuki. Nikasema labda umepata dawa ya kuficha harufu."

Walitazamana, mke anamshuku mume, mume anamshuku mke, na katikati yao mtu wa tatu ambaye hata hakuwepo. Kikulacho ki nguoni mwako, Sponji aliwaza, lakini nguo ninayoivua kwanza ni ipi?

Jibu lilikuja kwa miguu yake lenyewe. Asubuhi moja mke wa Kipenga aliingia karakanani, mwanamke mpole ambaye kwa kawaida walisalimiana kwa mbali. Aliketi juu ya kochi tupu, springi zikalia.

"Shemeji, nimekuja kukuomba," alisema. "Muache mume wangu apumzike. Anachoka. Kila siku yeye ndiye wa kukubeba, kukutapisha, kukufikisha kwako. Na yeye ana familia. Jana amerudi goti limechubuka, suruali imechanika, amelowa matope. Anasema alikuwa anakutoa mtaroni."

Sindano ikasimama kwenye kitambaa. "Jana, shemeji?"

"Jana hiyohiyo."

"Jana nilikuwa shuleni kwa wanangu, kwenye kikao cha wazazi, mimi na mke wangu. Mwalimu mkuu alituweka mpaka giza likaingia." Aliiacha sindano, akamsogelea. "Nitazame. Mimi ni mtu aliyetolewa mtaroni jana?"

Yule mama alimtazama. Alitazama macho, mikono, shati lililopigwa pasi. Uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayefanya hesabu ndefu asiyopenda jibu lake.

"Kwa hiyo miaka yote hii..." alianza.

"Si yote uongo," Sponji alisema kwa haraka, kwani haki ilimtaka aseme. "Mara nyingi alinibeba kweli. Lakini sasa ni wiki kadhaa hajanibeba."

"Akirudi ananuka, anasema wewe umemmwagia. Asipokwenda dukani, anasema alikesha na wewe." Alinyanyuka. "Na mimi nimekulaani, shemeji. Nimekulaani hata katika sala."

Sponji hakungoja jioni. Alimkuta Kipenga dukani, kati ya minyororo iliyoning'inia na matairi, anamhesabia mteja spoki. Alisubiri mteja aondoke.

"Mkeo amekuja kwangu," alisema. "Niambie jambo moja tu. Mdomo wangu ulivimba vipi?"

Kipenga aliziweka spoki chini.

"Ulitaka kwenda nyumbani," alisema hatimaye. "Usiku ule. Ulisimama ukasema imetosha. Nikakuvuta shati nje, ukajivuta, nikakuachia ghafla. Ukagonga nguzo kwa mdomo. Sikukusudia, pacha. Wallahi sikukusudia."

Katika lile tundu la kumbukumbu Sponji alikuwa amejitafuta wiki hizo zote, akitarajia kukuta mtu aliyefanya aibu. Kumbe mtu aliyekuwemo alikuwa anataka kwenda nyumbani.

"Na soda?"

Kipenga aliinamisha kichwa kukubali. "Sasa wewe usipokuja baa, mimi nakwenda kufanya nini kule? Nikimwambia mama watoto Sponji anahitaji wa kumsindikiza, ananielewa. Nikimwambia nina kiu mimi? Kila siku? Atasema mimi ndiye mlevi."

Neno lile lilibaki hewani kati ya minyororo.

"Kisingizio tafuta kingine," Sponji alisema. "Ukitaka mtu wa kukaa naye, nyumbani kwangu unapajua."

Hawakusalimiana kipindi kirefu. Mtaani ilisemwa kwamba Sponji amejidai, amemchongea rafiki kwa mkewe. Mke wa Kipenga alianza kukaa dukani mwenyewe jioni. Sponji akaendelea na Jumamosi zake, sasa kibarazani kwake. Mara nyingine bia moja ilimtosha. Mara moja zilifika nne, akaona aibu, akamwambia mkewe kabla hajaulizwa.

Jumamosi moja alasiri Kipenga akatokea na ubao wa drafti kwapani. Alikuwa amepungua mwili. Hakuomba radhi. Aliuliza tu, "Unachukua nyeusi au nyeupe?"

Walicheza. Sponji hakuleta kinywaji, akaleta maji. Katikati ya mchezo Kipenga akaomba kwenda uani, akakawia. Alirudi macho mekundu, uso umelowa, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti. Huenda alikuwa amelia. Huenda alikuwa amenawa tu. Huenda mfukoni kulikuwa na kichupa.

Mkewe Sponji, aliyekuwa dirishani, akamwita mumewe kando. "Unamwamini?"

"Leo sijui," Sponji alijibu.

Akarudi, akaketi. Kipenga alikuwa anautazama ubao, hajagusa kete hata moja.

"Zamu yako," Sponji alimwambia.