Udi Ndani ya Gari

Watu wote dukani walinigeukia. Nilikuwa mbele ya kaunta ya vipuri mjini Nizwa, nimeshika sensa ya oksijeni kila mkono, nazipima uzito na kuzigonga kwa kidole.

"Ami, hayo si matikiti," akasema fundi, binti mwenye Kiswahili cha bibi yake.

Gari langu lilikuwa linakohoa kila mlima, nami nimemuahidi mama mkwe kumpandisha mlima wa Jabal Akhdar siku ile ile akaone mawaridi. Binti alitaka kufunga sensa wanayoiita waidibendi, isome moshi wa ekzosi, ajue injini inapewa petroli nyingi au kidogo, ndipo airekebishe.

"Basi ipi bora?"

"Zote zinasoma vizuri. Hii inastahamili joto zaidi. Lakini ngoja."

Akatoka mlangoni, akaingia chini ya gari, akarudi na masizi viganjani. "Ekzosi imetoboka. Hewa inapenya hapo, sensa yoyote itakudanganya. Tuzibe kwanza. Hukusikia harufu?"

"Wallahi sikusikia," nikasema, mimi niliyeendesha magari nchi chungu nzima. Tangu asubuhi kichetezo cha udi kilikuwa kinafuka garini kwa heshima ya mama mkwe, aliyekuwa amekaa humo nje ya mlango akinisubiri. Ndio sisi: tatizo tunalifukiza kwanza, kisha tunatafuta kifaa cha kulipima.

Mama mkwe akateremsha kioo cha gari.

"Nilikwambia toka tulipoondoka Manah kunanuka moshi. Ukaniongezea udi."