Mawe Juu ya Paa la Mama Atu

Mlango wa mbele wa nyumba yangu hapa Sumbawanga mjini unashikiliwa na jiwe. Si jiwe la maana. Ni la kijivu, limechongoka upande mmoja, na kila mgeni anayeingia kwangu huacha hapo ukucha wa kidole gumba kama kodi ya kuingilia. Mume wangu amelitupa nje mara elfu na ushei, nami mara elfu na ushei nimelirudisha. Juzi upepo wa kuanza mvua ulipopita mjini, ule upepo wetu wa Ufipa usiojua hodi, mlango ulibamiza, jiwe likaviringika hadi katikati ya sebule. Nikaliinua. Lilikuwa la baridi, linanuka vumbi lililoanza kuloa. Basi nikakaa nalo kwenye kochi nimelipakata kama kichanga, na pale pale nikarudi kwenye umri wa kung'oka meno ya mbele.

Jiwe hilo lilikuwa juu ya paa letu.

Tuliishi kijijini, mwendo wa baiskeli kutoka Kaengesa, mahali ambapo nchi ni pana na miti ni michache, na mbingu imeinama hadi ungeweza kuipangusa kwa ufagio. Wenyeji wetu walikuwa Wafipa, Wakatoliki tangu tumboni, wakulima wa mahindi na ulezi. Sisi tulikuwa watu wa kuja. Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa Mbeya, na Mama vilevile. Tulisali Kimoraviani, maana yake ni kwamba Jumapili wenzetu walipojaa kigangoni na kupaza sauti, sisi tuliimba watatu sebuleni. Baba akisafiri tuliimba wawili. Mama akishikwa na mafua niliimba peke yangu, nikajiitikia.

Nyumba Baba aliijenga mwenyewe, kati ya safari na safari. Paa lilishuka upande mmoja tu, na alipofika katikati ya kulipigilia, misumari ikaisha na lori likawa linamngoja. Akaokota mawe, akayapanga juu ya mabati, akasema akirudi atamalizia. Ninyi wake za watu mnaijua hiyo "nikirudi nitamalizia". Mawe yalikaa juu hadi yakaota ukungu wa kijani.

Kijiji kizima kiliipenda nyumba yetu kwa kuicheka. Bibi Perpetua, jirani wa uwanja kwa uwanja, ambaye mjukuu wake Skola alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete, hakupita na jembe lake asubuhi bila kusimama.

"Mama Atu, nyumba yako leo imejitwika, inakwenda sokoni?"

"Inakwenda, Bibi. Inamngoja mwenzake watoke pamoja."

"Basi iambie isisahau chumvi yangu."

Atu ni mimi. Na mzaha ule, siku zile, ulikuwa kama chai ya asubuhi. Bibi asipopita Mama alikuwa anachungulia njiani.

Upepo ulikuja alasiri, watu wakiwa ndio wameanza kupanda. Kwanza kuku waliingia ndani bila kufukuzwa. Halafu ukaja mvumo kutoka upande wa milimani, kama malori yote ambayo Baba aliwahi kuyaendesha yanapanda kwa gia moja. Mama alinisukuma chini ya kitanda, naye akaja huko huko, tukabanana na magunia ya mahindi. Juu yetu mawe yalisagana kama meno ya mtu mwenye homa. Nje tulisikia mabati yakiruka na kuita, watu wakiitana majina. Wanasema mbuzi wa katekista alihamia kijiji cha pili na kukutwa huko anakula, wala hana wasiwasi. Sikumwona akiruka, lakini alivyokuwa akitembea baada ya hapo, ni mbuzi aliyeona mengi.

Asubuhi nilitoka mbio kuangalia. Kigango kilikuwa wazi kama sahani. Nyumba ya Bibi Perpetua ilibaki kuta na mbao. Mabati yalitapakaa mashambani yamekunjwa kama chapati, na akina mama walikuwa wakiokota ungachini, maana ndivyo tulivyouita unga uliomwagika ukachanganyika na udongo. Nikageuka kutazama kwetu. Paa liko. Mawe yako, kila moja mahali pake, yametulia na ukungu wao. Nilifurahi mno, nikaanza kumwita Skola aje aone.

Hapo ndipo nilipowaona watu wamesimama njiani, wanaona. Hakuna aliyecheka. Bibi Perpetua alikuwa na bati moja mkononi, limepinda. Alisema taratibu, kama anayejisemea:

"Aliyeweka mawe alijua."

Niwaeleze jambo. Nikifika Dar es Salaam na kusema natoka Sumbawanga, watu huvuta sahani zao karibu na kupunguza sauti. Sifa ya uchawi tunayo, na sisi wenyewe tumechangia kuieneza, kwa maana inasaidia sana ukitaka kiti kwenye basi. Lakini kule nyumbani haikuwa mzaha. Upepo wa namna ile, kwa wazee wetu, haukuja tu. Ulikuwa na mwenyewe. Na mwenyewe hatafutwi mbali. Hutazamwa nyumba iliyosalimika.

Hakuna aliyetutukana. Ningependa wangetukana. Mama alimwamkia Bibi Perpetua, "Shikamoo, Bibi," na ile marahaba, iliyozoea kuja na habari za mji mzima, ikaanza kufupika siku hata siku, mwishowe ikawa mguno. Kisimani tukifika mazungumzo yalikatika, tukateka maji katika ukimya ambao ungeweza kuukata kwa panga ukaubeba kichwani. Skola naye akaanza kutembea upande mwingine wa njia, anatazama miguu yake.

Na lililoumiza zaidi ni kuezeka. Wenyeji wetu walikuwa na desturi moja isiyojadiliwa: nyumba isiyo na paa haipitwi. Mwenye nyumba hupika pombe ya ulezi, majirani huja na mikono yao, na hata kama jana mlitupiana maneno, leo unampandia ngazi. Basi ikawa leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wanaume juu ya mbao, wanawake wanapika, na watoto, ndiyo raha yenyewe, wamekaa kwenye duara wakinyoosha misumari iliyopinda kwa kuigonga juu ya mawe. Ko, ko, ko, kutwa nzima, na nyimbo juu yake.

Mama alikwenda siku ya kwanza na nyundo ya Baba. Wakamwambia, "Asante, Mama Atu, watu tumetosha." Siku nyingine alipika sufuria ya maharage, akaipeleka kigangoni walikokuwa wakiezeka. Jioni sufuria ilirudi mlangoni kwetu ikiwa imefunikwa vizuri, na maharage yote ndani. Tuliyala wenyewe, jioni ile na kesho yake, hadi nikaanza kuota maharage.

Mimi niliokota msumari mmoja uwanjani. Nikaunyoosha juu ya jiwe. Ulipokwisha kunyooka, kazi ikawa imeisha, na duara la wenzangu bado lilikuwa linasikika kwa Bibi Perpetua. Basi nikaupinda tena, nikaanza upya.

Baba alikuwa njiani, mbali, na siku hizo simu ya kumpata haikuwapo. Niliona Mama ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati na kuliweka kitandani, wazi, bila kitu ndani. Nikauliza kama tunarudi Mbeya.

"Tukiondoka, watasema tumekimbia," alisema. "Tukikaa hivi, wewe utakua bila mtu wa kucheza naye." Akalifunga sanduku, akalifungua tena. Kuniuliza mimi hakuniuliza, lakini nilijua kinachopimwa ni kama tutakuwa na kwetu au hatutakuwa nako.

Kesho yake alinunua ulezi akauloweka. Mama, Mmoraviani ambaye hata dawa ya kikohozi alikuwa anainusa kwanza kama ina kilevi. Aliuotesha chini ya gunia pembeni mwa jiko, akaanika kimea, akasaga, akapika. Nyumba ilijaa harufu tamu yenye uchachu, kama uji uliosahauliwa. Sikuuliza kitu. Nilidhani upweke umemwingia kichwani na sasa anataka kulewa.

Pombe ilipoanza kutoa povu, Mama aliegemeza ngazi ukutani asubuhi, akafunga kanga kiunoni, akapanda. Aliinua jiwe la kwanza akaliachia likaanguka uwanjani. Kisha la pili. Nikamwuliza kutoka chini anafanya nini.

"Naezua."

"Mama, mvua inakuja."

"Inaweza kuja."

Aliyashusha mawe yote, akang'oa misumari michache aliyopiga Baba, akayateremsha mabati moja moja kwa kamba na kuyalaza uwanjani. Watu walisimama njiani wakatazama, kisha wakaenda zao mashambani. Nililia kwa aibu. Tulifunika unga na godoro kwa turubai, tukakaa chini ya lile anga letu lililoinama, mtungi wa pombe katikati yetu kama mgeni. Alasiri mvua ikanyesha. Ilinyesha sebuleni, ikanyesha jikoni, ikaninyeshea mimi kwenye kiti changu mwenyewe. Mama alikaa wima, maji yanamtiririka usoni, anatazama njia. Hakuna aliyekuja. Sijawahi kuona njia ndefu namna ile, na nimeshafika Tunduma kwa lori bovu.

Asubuhi yake Bibi Perpetua alipita na jembe. Akasimama, kama zamani.

"Shikamoo, Bibi," Mama alisema kutoka ndani, kwa sababu sasa ungeweza kumwona mtu akiwa ndani.

"Marahaba." Akatazama juu, akatazama mawe yaliyolala uwanjani. "Mama Atu. Nyumba yako imefanywa nini?"

"Haina paa, Bibi."

"Nani kaliondoa?"

"Haina paa," Mama alirudia.

Bibi alichungulia ndani. Aliona turubai, akaniona mimi na nguo zangu zilizoganda mwilini. Akaweka jembe chini, akaingia bila hodi kama upepo, akachota pombe kwa kata, akaonja. Uso wake ulizunguka dunia nzima ukarudi.

"Umepika uji, mwanangu."

"Ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Inaonekana." Akanywa tena, kwa uchungu, hadi kata ikabaki tupu. Halafu akageuka kuelekea kwake na kuita, "Skola! Nenda kawaite watu. Waambie kuna nyumba haina paa."

Wakaja. Siwadanganyi, walikuja hadi uwanja ukawa mdogo. Katekista alipanda ngazi wa kwanza. Kila mtu alikuwa na misumari yake mfukoni, iliyotoka kwenye nyumba zao, iliyopindishwa na upepo ule ule. Walikunywa ile pombe mbaya kuliko zote zilizowahi kupikwa Ufipa, wakikunja nyuso, na walipomaliza mtungi, mmoja wao aliuliza kama kuna nyingine. Mama alikwenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata nikamkuta amejifunika uso kwa kanga.

Skola alikuja na kopo la misumari akakaa mbele yangu.

"Na wewe unao?"

Nikampa ule mmoja wangu. Aliugeuzageuza. "Huu umekuwa sindano," akasema, akautupa koponi pamoja na mingine.

Walipomaliza, kijana mmoja aliinama kuokota mawe ayarudishe juu. Bibi Perpetua akamzuia. "Yaache chini. Yamekaa juu ya watu vya kutosha." Hakuna aliyeomba radhi, wala siku hiyo wala baadaye. Ila kesho yake asubuhi Bibi alisimama njiani na kusema, "Mama Atu, nyumba yako imetua mzigo, eh?" na Mama akamjibu kwamba chumvi ilikuwa imeisha sokoni.

Miaka mingi nilidhani Mama aliezua ili watu waone hakukuwa na dawa iliyofichwa chini ya mabati. Baadaye nikawa mtu mzima mwenye watoto, nikaingia masomo ya jioni, najibana kwenye dawati na wenzangu wenye mvi. Mwalimu wa jiografia akatueleza jinsi upepo unavyoingia chini ya bati na kuliinua. Nikanyoosha mkono, nikauliza: na kama juu yake kuna mawe? Akasema, basi ni uzito. Neno moja. Likizo ilipofika nikampelekea Mama neno hilo kijijini kama zawadi.

Alikuwa anachambua maharage. "Uzito," alisema. "Hata mimi nilijua."

"Sasa kwa nini hukuwaambia?"

"Ningewaambia nikiwa nimesimama wapi? Chini ya paa?" Akaendelea kuchambua, nikadhani amemaliza. "Sikutaka waniamini, Atu. Nilichoka kuwa mkavu peke yangu."

Siku ya kuondoka niliomba jiwe moja.

Juzi nilipoinuka pale kwenye kochi nilichungulia nje. Paa langu halikuguswa. Lina misumari mingi kuliko mabati. Nyumba ya pili kutoka kwangu, ile yenye geti jekundu, mabati yalikuwa yameinuka upande mmoja, na mwanamke alikuwa uwanjani ameshika kiuno, anatazama juu. Tumekuwa majirani miaka, na jina lake silijui. Nilichukua nyundo na kopo la misumari.

"Unawajua wale?" mume wangu aliuliza.

"Bado," nikasema, nikaliweka jiwe mahali pake ili mlango ubaki wazi.